Mtu Aliyeniomba Nimshikie Uzi

Kama wewe ni mtu wa kuguna kabla hujasikia, guna sasa hivi, umalize, ndipo nianze. Ninachokueleza nilikiona kwa macho yangu na kukishika kwa mkono huu wa kulia, na walikuwepo watu wengine wawili ambao mpaka leo wako hai na hawana tabia ya uongo. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa Bunagana, mpakani, kwenye ofisi ndogo ya kujaza karatasi za mizigo. Nilikuwa naandika kilichomo ndani ya gari, si kile ambacho dereva anasema kimo. Hapa pia nitafanya hivyo hivyo.

Tena, najua visa vya namna hii huwa vya usiku, mwezi umejificha, mbwa wanalia. Changu ni cha asubuhi. Jua lilikuwa limetoka, watu walikuwa wanachota maji, na redio ya jirani ilikuwa inatangaza bei ya saruji. Wala sikuwa nimelewa, maana pombe siijui.

Kwanza nikueleze habari ya uzi, la sivyo hutaelewa chochote.

Sisi ni watu wa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kwenye ziwa Edward, kule ambako kiboko akipita nyuma ya nyumba hakuna anayeacha kula. Baba yangu alikuwa mvuvi. Kwa wavuvi wa kwetu kulikuwa na desturi ndogo ya kufurahisha watoto. Jioni, baba anapoingia ziwani, humpa mtoto wake ncha ya uzi aishike pale ufukweni, na yeye hubaki na kibao cha uzi ndani ya mtumbwi. Mtumbwi unakwenda, uzi unafunguka. Ukikaribia kuisha, baba anavuta mara mbili: uko? Mtoto anajibu mara mbili: niko. Kisha baba anavuta mara tatu, na maana yake ni moja tu: achilia. Unaachilia, naye anakunja uzi wake na kwenda zake kazini.

Mimi nilikuwa nalia kila jioni kwenye ile mara ya tatu. Baba alikuwa akinicheka kutoka kule majini mpaka namsikia.

Nilipokwenda kusoma Rutshuru, kazi ya uzi akaachiwa mdogo wangu Furaha. Alikuwa na miaka kumi jioni ile upepo ulipobadilika. Baba alivuta mara mbili, Furaha akajibu. Akavuta mara tatu, Furaha akaachilia. Kesho yake mtumbwi ulikutwa umepinduka upande wa pili, na baba hakuonekana, yeye wala maiti yake.

Wakati wa kisa hiki miaka ishirini na miwili ilikuwa imepita tangu jioni hiyo. Mama alihamia Goma, mtaa wa Mapendo, pamoja na Furaha, na kila jioni ya miaka hiyo yote aliandaa sahani ya baba na kuifunika kwa sahani nyingine. Matanga hatukufanya. Ukimgusia habari hiyo anakuuliza, "Nani alimuona amekufa?" Utajibu nini? Nani alimwona?

Hebu niambie, ungekuwa wewe ungemlaumu? Mimi nilikuwa namlaumu, nakiri. Kwa sababu aliyekuwa anaumia ni Furaha. Furaha alikuwa na miaka thelathini na miwili, ana mchumba, fundi wa simu, mtu mpole ambaye sijui uvumilivu ule aliutoa wapi. Jamaa zake walikuwa wamekuja mara mbili na maneno ya mahari, na mara mbili Mama aliwapa chai na maandazi, kisha akawaambia mwenye nyumba hayupo, warudi atakapokuwepo. Baba mdogo wetu, ndugu yake baba, anakaa Goma hapa hapa na alikuwa tayari kupokea. Mama akamwambia hawezi kupokea mahari ya mtoto wa mtu aliye hai. Sasa wale jamaa walikuwa wametuma neno kwamba watakuja Jumamosi, na kwamba baada ya Jumamosi hiyo hawatakuja tena.

Ndiyo maana niliomba konje, likizo ya wiki moja, nikashuka Goma. Nilimwambia mkubwa wangu wa kazi kwamba nakwenda kupumzika kando ya ziwa. Ukweli nilikuwa nakwenda kugombana na mama yangu.

Tuligombana Jumatatu. Jumanne nikaona heri nipumzike kweli.

Upande wa Kyeshero kuna kijia kati ya kuta mbili za majumba ya matajiri, kinashuka mpaka majini. Chini kuna mawe meusi ya volkano na kipande kidogo ambacho wanawake wanafua nguo na kuchota maji kwa vibidoni, madumu ya njano. Nilinunua sokoni uzi wa nailoni na ndoana tatu. Minyoo sikujisumbua kuitafuta, maana Goma ukichimba unapata jiwe, na chini ya jiwe unapata jiwe lingine. Nilifinyanga vidonge vya fufu, ugali wetu wa muhogo. Nikakaa juu ya mwamba, miguu ndani ya maji yale ya Kivu yenye chumvi kidogo, ukiyalamba midomoni unaijua, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi kichwa changu kikanyamaza. Nilipata tilapia wawili wadogo wa kutia aibu. Nilifurahi nao sana.

Yule mtu alikuwa pale tangu Jumanne.

Alikaa kwenye jiwe bapa, hatua kama kumi kutoka kwangu. Mtu wa miaka hamsini na kitu, koti la kijivu, suruali imekunjwa mpaka magotini. Hakuwa na fimbo wala kibao cha uzi. Uzi ulikuwa umezungushwa kwenye kidole chake cha shahada tu, ukaingia majini moja kwa moja, umenyooka. Nilimsalimu, akaitikia vizuri.

"Papa, zinakula?" nikamuuliza, maana kwetu kila mzee ni papa, yaani baba.

"Mimi siko naloba samaki, mama," akasema. "Niko nangoja tu."

Nikadhani ni mmoja wa wale watu wa maneno mengi mazito, nikaachana naye. Lakini kuna kitu nilikiona nisikitilie maanani. Wanawake wa vibidoni walikuwa wakishuka na kupanda siku nzima. Mimi walinisalimu, walinicheka na fufu langu, mmoja akaniuliza kama kwangu hakuna mume wa kuniletea samaki. Yeye hawakumsalimu hata mmoja. Walipita kando yake wakimkwepa bila kumtazama, kama wanavyokwepa jiwe walilolizoea. Goma hii, mtu apite mtu mzima asubuhi asimwambie jambo? Nilipaswa kujiuliza, na sikujiuliza.

Jumatano nilimkuta pale pale, koti lile lile. Alhamisi pia. Alhamisi hiyo ziwa lilikuwa limetulia kabisa, huoni hata mkunjo. Ilikuwa kama saa moja na nusu. Akageuka akaniita.

"Mama, unishikieko kidogo. Naenda kukojoa, narudi sasa hivi."

Sasa niambie wewe, ungekataa? Sisi tumelelewa hivyo. Barabarani mtu hakujui anakuambia nishikie mtoto, nishikie bidoni, nishikie kuku nifunge kiatu, na wewe unashika, hata kama una haraka. Nikaweka uzi wangu chini ya jiwe, nikaenda. Alipokuwa anauvua kidoleni nikaona kile kidole. Kilikuwa na mfereji uliozunguka chote, wenye kina, na ndani yake ngozi ilikuwa nyeupe. Akaniwekea uzi kidoleni kwa uangalifu sana. Mkono wake ulikuwa wa baridi, lakini asubuhi ile hata wangu ulikuwa wa baridi.

"Asante, mama," akasema. "Asante sana." Nikajiambia huyu anashukuru mno kwa haja ndogo.

Akapanda nyuma ya mawe, akatoweka huko.

Nikakaa kwenye jiwe lake. Dakika tano, kumi. Nilikuwa nimeanza kuguna ndipo uzi ukavutwa. Mara mbili.

Niamini, mimi nimeshika samaki tangu sijaota meno ya pili. Samaki anadonoa, anatingisha, anakimbia, hatulii kusubiri jibu. Hii ilikuwa mvuto, kituo, mvuto, kisha kimya cha mtu anayesikiliza. Mwili wangu wote ukawa mtoto wa miaka saba. Kidole kikajibu kabla sijakiruhusu, mara mbili: niko.

Halafu ikaja mara tatu.

Sikuachilia. Nisikufiche, hata sikuwaza kuachilia. Machozi yalikuwa yanatiririka na nilikuwa nasema "Papa, Papa" kwa sauti, watu wakasikia wasisikie. Uzi ukatulia, kisha tena: mbili. Nikajibu. Tena: tatu. Nikakataa. Na nilichofanya baada ya hapo ndilo kosa ninalolijutia mpaka leo, ingawa kama ungekuwa mtoto wa Vitshumbi ungefanya hilo hilo. Nilitoa simu kwa mkono wa kushoto nikampigia Furaha. Nikamwambia, "Mulete Mama hapa Kyeshero, ufukweni. Usiulize kitu. Pandeni moto, pikipiki yoyote."

Walifika baada ya kama nusu saa. Mama ana miaka sabini, magoti yake si ya mawe yale, Furaha alikuwa akimshika kiunoni. Yule mtu wa koti hakuwa amerudi. Nikawaeleza kwa maneno machache, nikaona uso wa Furaha unakuwa kama majivu. Mama alinisukuma, akakaa juu ya jiwe, akanyoosha kidole.

Nilimvika uzi mimi mwenyewe, kwa mikono yangu.

Ikaja mbili. Mama akajibu mbili. Akafumba macho. Ikaja tatu, nasi wote tuliiona kwa jinsi kidole kilivyoruka. Mama akakunja ngumi.

"Hapana," akasema.

Mwanzoni ilikuwa tamu, sitakudanganya. Tulikaa wawili pembeni yake, Furaha kushoto, mimi kulia, jua likapanda, na kila baada ya muda kidogo kidole cha Mama kiliruka mara mbili, naye akajibu. Sikuwa nimeuona uso wake umetulia hivyo kwa miaka. Nikawaza, basi, tutakuwa tunamleta hapa kila asubuhi. Tutamnunulia kiti cha kukunja. Upumbavu wa namna hiyo.

Saa tano nikamwambia twende akale kitu, tutarudi. Akasema tumtangulie. Saa sita nikamwambia jua ni kali. Nikagusa bega lake, likawa la baridi, katika jua lile. Ndipo akashuka mwanamke mmoja na bidoni, yule yule aliyeniuliza habari ya mume. Akatutazama mimi na Furaha, akasema kwa kicheko, "Mama, leo mumekuja wawili? Muko munangoja nani hapa?"

Wawili.

Mama alikuwa katikati yetu. Kitenge chake chekundu kilikuwa kinagusa goti langu. Na yule mwanamke akapita kumkwepa, bila kumtazama, akainama kuchota maji yake.

Hapo ndipo nilielewa nimefanya nini. Yule papa hakwenda kukojoa. Alikuwa ametafuta mtu wa kumwachia zamu yake, akanipata mimi, nami nikambeba mama yangu mzazi, mtu ambaye kazi yake kwa miaka ishirini na miwili ilikuwa kungoja, nikamkalisha kwenye jiwe la kungojea. Ningetafuta mtu anayefaa zaidi nisingempata.

Nilikuwa na wembe wa kukatia uzi. Nikautoa. Mama akafumbua macho.

"Ukikata, unanikata mimi," akasema. Sauti yake ilitoka mbali.

"Mama, achilia. Anakuomba. Mara tatu maana yake unaijua."

"Naijua mbele wewe hujazaliwa."

"Basi juu ya nini unamukatalia?"

Kidole kikaruka, mbili. Akajibu mbili. Kikaruka, tatu. Ngumi.

Furaha si msemaji. Katika familia yetu maneno nilichukua mimi yote, yeye akabaki na mabaki. Alikuwa amekaa tangu asubuhi bila kufungua mdomo. Sasa akasogea mbele, akachuchumaa ndani ya maji na viatu vyake, ili Mama amwone uso.

"Mama," akasema, "siku ile mimi niliachilia juu Papa alivuta mara tatu. Alinifundisha vile. Nilifanya vile alinifundisha."

Mama akamtazama.

"Haujanikombelea wala kunilaumu hata siku moja, najua. Lakini kila jioni unafunika ile sahani mbele yangu. Miaka yote hii niko nakula pembeni ya ile sahani. Jumamosi wakirudi nyuma, Mama, mimi sitakuwa na kinyongo. Nitabaki na wewe. Lakini uniambieko leo kama nilikosea."

Ndugu yangu, nilimtazama mdogo wangu amechuchumaa majini, mwanamke mzima, anauliza swali la mtoto wa miaka kumi. Kwa nini hatukuwahi kulisikia? Tulikuwa tunagombana juu ya mahari.

Kidole cha Mama kikaruka, mbili. Safari hii hakujibu upesi. Aliinama kuelekea maji, akaanza kusema, na sauti ilikuwa ile yake ya nyumbani, ya kumgombeza mtu anayechelewa.

"Nilikuambia upepo ni mubaya. Nilikuambia ule mutumbwi unavuja. Kichwa ngumu. Watoto wamekuwa wakubwa, huyu mukubwa anajua kugombana sawa wewe, huyu mudogo anaolewa Jumamosi, baba mudogo atapokea. Hatuna deni na wewe. Mutoto hakukosea. Unasikia? Hakukosea. Enda sasa, enda pole pole, na Mungu akuangalie njiani."

Kisha akavuta mara mbili. Zikarudi mbili. Tukangoja. Ikaja mara tatu.

Mama akanyoosha kidole chake.

Uzi haukuruka wala kufanya maajabu. Ulitelezea mbele, ukapita juu ya jiwe, ukaingia majini bila haraka, kama uzi wowote ambao mtu fulani anaukunja upande wa pili. Ncha yake ilipozama, yule mwanamke wa bidoni aligeuka akashtuka, akamwambia Mama, kama anavyoitwa bibi kwetu, "Koko, samahani, sikukuona! Jambo, koko." Mama akamwitikia. Nilianza kulia na kucheka pamoja, Furaha naye, na Mama akatuuliza kama kuna mtu amekumbuka kuleta hata kipande cha mkate.

Ungedhani kisa kimeishia hapo. Mimi pia nilidhani.

Tulipanda kile kijia tumemshika huku na huku. Katikati akasimama apumue. Akasema kwa utulivu kabisa, "Ule haikukuwa baba yenu."

Nikasema, "Nini?"

"Baba yenu alikuwa anavuta mubaya, kwa nguvu, sawa mutu anagonga mulango ya jirani usiku. Alinivutaka vile mbele hatujaoana, tukiwa watoto tunacheza uzi pale Vitshumbi. Ule alikuwa anavuta muzuri, na heshima. Haikukuwa yeye. Nilijua mara ya kwanza."

"Na ulishika mpaka saa saba?"

"Nilitaka ikuwe yeye," Mama akasema. "Niliwaza, nikishika sana, mwisho itakuwa yeye." Akafuta uso kwa ncha ya kitenge. "Halafu Furaha alisema vile alisema. Nikawaza, huyu ana watu wake. Anaomba ruhusa, na mimi namukatalia, mutu sijue hata jina. Sasa kama wetu naye ameshikwa kule na mama moja kichwa ngumu sawa mimi?"

Tukaenda naye mpaka Mapendo.

Jioni ile aliandaa sahani tatu. Furaha alihesabu kwa macho, nikamwona, kisha akainama akala. Jumamosi baba mdogo alikuja na kofia, akapokea mahari, akakohoa mahali pote panapotakiwa kukohoa. Mwezi uliofuata tulifanya matanga ya baba, misa na wali na watu wengi kuliko viti. Furaha sasa ana mtoto wa kike.

Kabla sijarudi kazini nilishuka tena pale ufukweni. Wavuvi wa sambaza, vile vidagaa vya Kivu, walikuwa wanashona nyavu, nikamuuliza mkubwa wao kama anamjua mtu wa koti la kijivu anayekaa kwenye jiwe bapa. Aliacha sindano. Akasema zamani alikuwepo mmoja, alikuwa amempoteza mdogo wake ziwani, akawa anakuja kila siku na uzi, mvua, jua, hakutaka kusikia la mtu. "Lakini yule tulimuzika, mama," akasema. "Mimi mwenyewe nilibeba sanduku." Sikumuuliza zaidi. Jiwe lenyewe wanawake walikuwa wameanika nguo za watoto juu yake, na waliokaa pembeni walikuwa wanachekana.

Kidole cha Mama kina mfereji, mwembamba, hauondoki. Changu kina alama ndogo tu ambayo daktari aliniambia ni ngozi. Ziwa likiwa limetulia asubuhi, hata nikiwa mbali nalo, kidole hicho huwa kinaruka mara mbili. Siwezi kuvua samaki tena. Watu wa nyumbani wamezoea kunikuta nimesimama uani na mkono mbele, nasikiliza.

Sasa nikuonye, maana ndiyo sababu nimekusimulia. Ukienda kupumzika kando ya maji, ziwa lolote, bahari yoyote, na mtu ambaye wengine hawamsalimu akakuomba umshikie uzi kidogo, kataa. Kuwa mtu asiye na adabu kwa siku moja, hutakufa. Lakini najua hutakataa, maana nawe umelelewa kama mimi. Basi ukishashika, ukasikia mara mbili, jibu mara mbili, usimwache bila jibu. Na ikija mara tatu, usimwite mtu, usifunge uzi kwenye jiwe, usijipe sababu. Achilia.

Hasa ukiwa upande wa Vitshumbi. Na ukisikia anavuta vibaya, kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango wa jirani, nakuomba kwa magoti, achilia upesi. Huyo ni baba yangu.